Jua Nililomficha Mama

Tangazo la kazi ile niliona mimi kwanza. Sisemi hivyo kwa kutaka sifa. Nasema kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nikijirudia maneno hayo moyoni kila siku: mimi ndiye niliyeliona kwanza.

Nilikuwa Riyadh, mwaka wangu wa tatu katika nyumba ile ile, nikimtunza bibi mzee, mama yake baba mwenye nyumba. Mkenya mwenzangu wa nyumba ya jirani alinitumia tangazo kwenye simu: wanatakiwa wasaidizi wa wauguzi, wakatunze wazee kaskazini kabisa ya Norwei, na watafundishwa lugha kabla ya kusafiri. Nikasoma hadi mwisho nikiwa nimesimama kando ya mashine ya kufulia. Walitaka cheti cha kidato cha nne na mafunzo ya uuguzi. Mimi nilitoka shule kidato cha pili, mwaka aliofariki baba yetu, kwa sababu mtu mmoja ilibidi atoke na mimi ndiye mkubwa. Mdogo wangu wa kike alibaki shule, akamaliza, akasomea uuguzi. Nikamtumia lile tangazo na kumwandikia, "Hii ni yako." Na nilimaanisha. Siku ile sikuwa na wivu hata kidogo.

Wivu ulikuja alipopata.

Alisoma lugha Mombasa karibu mwaka mzima, kisha akasafiri mwezi wa nane. Kijiji alichopelekwa kilikuwa na watu mia chache tu, kimebanwa kati ya mlima na bahari, mbali kupita ule mstari wa Aktiki tuliouona kwenye ramani za shule ukiwa umechorwa kwa vitone. Hakuna barabara ya lami ndefu ya kutokea. Ndege ndogo inatua mara chache kwa wiki, upepo ukiruhusu.

Mama alikuwa nyumbani Kwale na simu ya kabambe, ile ya vitufe, inayopokea sauti na basi. Kumpigia kutoka Norwei kulikuwa ghali na laini ilikatika. Kwa hivyo tulipatana hivi: mdogo wangu atanirekodia mimi habari zake kwenye simu, nami kila Ijumaa nikimpigia mama nimsimulie. Mama alisuka makuti mbele ya nyumba, na majirani walizoea kuja kukaa naye saa ile, wasikilize habari za mtoto aliye kwenye barafu. Mimi, niliyekuwa Saudia miaka minne, sikumbuki hata siku moja jirani kuja kusikiliza habari zangu.

Ujumbe wake wa kwanza mrefu ulinikuta nikikamua maji ya nguo za bibi. Alikuwa anahema, anapanda kilima. Alisema wazee wa ile nyumba wameomba watolewe nje na viti vyao vya magurudumu wakachume matunda. "Dada, yako kama forosadi, ila rangi yake ni ya embe bivu. Na unajua kila ukoo una mahali pake pa kuchuma, na hawakwambii hata wafe! Kuna bibi mmoja nimemsukuma kiti njia nzima, tulipokaribia akaniambia nifumbe macho." Akacheka. Nyuma yake nilisikia upepo tu, upepo mtupu, hakuna gari wala honi.

Riyadh siku hiyo kulikuwa na vumbi. Tulikuwa tumefunga madirisha yote na kuziba chini ya milango kwa taulo zilizolowa. Nilikuwa sijatoka nje ya geti kwa siku kumi na moja.

Nataka nieleze vizuri jambo hili, kwa sababu mtu anaweza kudhani niliteswa. Sikuteswa. Madam, mke wa mwenye nyumba, alikuwa mkali wa maneno, lakini chakula nilikula na mshahara ulikuja. Kilichoniuma ni kwamba kazi yetu ilikuwa moja. Yeye anaosha wazee, mimi namwosha mzee. Yeye anawalisha supu kwa kijiko, mimi nalisha shorba kwa kijiko. Lakini yeye anavaa sare yenye jina lake kifuani, anaingia saa moja na kutoka saa tisa, na akitoka ana ufunguo wa nyumba yake mfukoni. Mimi hata chumba changu hakikuwa na kitasa cha kufunga kwa ndani. Yeye wakimwita wanasema muuguzi. Mimi bibi aliniita "ya bint", yaani we msichana, hata baada ya miaka minne.

Mwezi wa tisa aliniambia majani ya vichaka yote yamegeuka mekundu kwa wiki moja, mlima mzima, kama umefunikwa leso. Wenyeji walishusha wanyama wao kutoka milimani, kulungu wenye pembe pana ambao huko hufugwa kwa mamia, wakawatia uani, na kila mwenye mali akawatambua wake kwa alama zilizokatwa masikioni. Watoto hawakwenda shule siku hizo, walisaidia kukamata. Yeye alipewa nyama na ngozi ya mguu ya kushonea viatu. Mwezi wa kumi theluji ikaanguka. Alinunua meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu, asiteleze. Yote hayo nilimhadithia mama, na nilihadithia vizuri. Nina kipawa hicho. Mama aliniambia, "Unasema kama ulikuwepo."

Kisha mwezi wa kumi na moja jua likazama na halikutoka tena.

Alinieleza kwamba hakuna siku inayotangazwa. Mawingu yalikuwa yametanda wiki nzima, na yalipofunguka jua halikuwepo, likawa limekwenda bila kuaga. Adhuhuri kunakuwa na mwanga wa samawati kwa saa mbili tatu, kama vile alfajiri inayotaka kuingia ikaghairi. Watu waliweka taa za umbo la nyota kwenye kila dirisha. Walivaa mikanda inayong'aa ili magari yawaone. Asubuhi wazee na wafanyakazi wote walikunywa kijiko cha mafuta ya samaki, na kila mtu alikaa nusu saa mbele ya taa kubwa nyeupe iliyowekwa chumba cha chai.

Mwanzoni alicheka. Mwezi wa kumi na mbili akaanza kulia.

"Dada, leo niliamka nikavaa sare nikaenda kazini, kumbe ni jioni. Nimesahau kama nimekula cha mchana." Mara nyingine alisema tu, "Sijui nina nini," akanyamaza, nikawa nasikia pua yake.

Nitasema ukweli. Nilifurahi. Nilisikiliza ule ujumbe mara tatu nikikaanga vitunguu vya wali wa kabsa, na kitu fulani kifuani kilichokuwa kimekunjana tangu mwezi wa nane kikakunjuka. Nilimjibu papo hapo, maneno mengi matamu: pole mdogo wangu, vumilia, soma Ayatul Kursi, washa taa zote. Nilikuwa dada mkubwa tena. Nilimpenda sana akilia.

Riyadh nako kulikuwa na baridi. Wasiofika hawaamini, lakini mwezi wa kwanza upepo wa jangwani unakata midomo ikatoka damu. Familia ilikuwa ikienda kupiga kambi jangwani mwisho wa wiki, na mimi na bibi tulibebwa pamoja na mablanketi, majiko na ndoo za maji. Nilikaa nyuma ya hema nikiosha sufuria kwa maji ya barafu, vidole vimekufa ganzi, nikawaza kwamba hata baridi yangu haina habari. Mdogo wangu akisema baridi, kijiji kizima cha Kwale kinashika tama. Mimi nikimwambia mama Riyadh kuna baridi, hujibu, "Vaa sweta."

Nilimsimulia mama lile giza bila kupunguza. Nadhani niliongeza. Nilisema watu wa huko hupotewa na akili. Nilisema mtoto hali vizuri. Mama akauliza, "Mpaka lini?" Nikamwambia, "Wanasema mwisho wa mwezi wa kwanza, huenda." Ijumaa iliyofuata jirani alichukua simu mkononi mwa mama akaniambia, "Mamako anamwashia mtoto koroboi. Kila Magharibi anaiweka dirishani, anasema ni ya mtoto apate mwanga." Nikasema, "Mwache tu, inamtuliza."

Mwisho wa mwezi wa kwanza ikaja picha ya video. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa bafu na beseni mkononi, bibi yumo ndani kakaa kwenye kiti cha plastiki. Nikaifungua kwa kidole gumba.

Shule yote ilikuwa kilimani. Watoto wamevaa nguo za rangi za kupita kiasi, wamepanga mstari kwenye theluji. Wazee wameletwa na viti vyao, wamefungwa mablanketi hadi kidevuni. Kila mtu ana andazi la mviringo mkononi, andazi walilooka kwa ajili ya siku hiyo tu. Wote wanatazama mahali pamoja, kwenye pengo la milima, na pale pengoni pakatokea kipande cha jua chembamba kama ukucha. Watoto wakapiga kelele. Mzee mmoja akavua kofia. Halafu simu ikageuka nikamwona mdogo wangu amevaa koti jekundu, analia na kucheka, na yule bibi wa matunda ameinuka kidogo kutoka kitini, amemshika mashavu kwa mikono miwili kama mtu anavyomshika mwanawe.

Jua lilikaa dakika chache, likazama. Wakaanza kula maandazi.

"Ya bint! Al-moya barida!" bibi akaniita. Maji yamepoa. Nikaweka simu mfukoni.

Ningekuwa na wivu wa lile koti, au wa kilima, ningeelewa. Lakini ilikuwa ile mikono. Miaka minne nimemwosha bibi wangu, nimemkata kucha, nimemgeuza kitandani asipate vidonda, na mikono yake ilinigusa akitaka kuinuka tu. Usiku huo nilijiambia kwamba mdogo wangu amepewa kila kitu, na hata jua sasa anapewa na maandazi.

Ijumaa mama akapokea simu hata kabla haijalia vizuri. "Haya, mwanangu. Jua limerudi?"

Nikasema, "Bado."

Sikupanga. Neno lilitoka lenyewe, na likishatoka nikaona jinsi lilivyo jepesi.

"Bado? Si ulisema mwisho wa mwezi?"

"Mwaka huu limechelewa, mama."

Ndivyo nilivyoanza. Mwezi wa pili Riyadh fagaa ziliingia sokoni, vile viazi vya jangwani vinavyoota kwa radi, na madam alinikalisha siku nzima nikizisugua mchanga kwa mswaki. Mdogo wangu alirekodi kwamba mchana umeshafika urefu wa saa nane na theluji inawaka hadi unavaa miwani. Nikamwambia mama bado. Mwezi wa tatu akaanguka akijifunza kuteleza na zile mbao za miguuni, mbele ya watoto wa chekechea ambao walimpita kama upepo. Akapelekwa ziwani, wakatoboa barafu kwa chuma kirefu, wakalala kifudifudi juu ya ngozi wakingoja samaki, akakamata wawili. Akanitumia picha ya watu waliokaa nje wameegemeza migongo kwenye kuta za nyumba zinazotazama kusini, macho yamefungwa, wanamenya machungwa. Nikamwambia mama, "Anavumilia tu."

Na yeye alipokuwa akinitumia hizo picha za furaha, nilikaa siku mbili, siku tatu, ndipo nijibu. Nilijibu kwa alama ya kidole gumba.

Mama aliacha kwenda arusini. Alisema hawezi kukaa akipiga vigelegele na mwanawe hajaona mchana tangu mwezi wa kumi na moja. Presha yake ilipanda, akapewa dawa mpya. Kina mama wa mtaa walimsomea mdogo wangu Yasini. Kila nilipoambiwa jambo kama hilo nilisema Ijumaa ijayo nitamwambia jua limetoka. Lakini kila Ijumaa ningelazimika kueleza lilitoka lini, na kila wiki iliyopita iliongeza uongo wa kueleza. Na nisiseme ni woga peke yake. Kulikuwa na raha ndani yake. Pale Kwale, kwa watu wote wanaotufahamu, mdogo wangu alikuwa gizani, na aliyemweka ni mimi.

Ramadhani ikaja, ikaisha. Asubuhi ya Idi mdogo wangu alitaka kumfurahisha mama, akampigia moja kwa moja.

Nilikuja kusimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa upande wake. Mama aliposikia sauti yake alianza kulia. "Rudi nyumbani, mwanangu. Kazi iache. Giza hilo litakuua."

"Giza gani, mama?"

"Mimi najua yote. Dada yako hunificha mengine lakini najua."

"Mama, niko nje hapa. Jua limenichoma pua inabambuka. Linatoka nikiwa nimelala na linazama nikiwa nimelala."

Mama akauliza, "Limetoka lini?"

"Mwezi wa kwanza."

Dakika tano baadaye simu yangu ililia. Nilikuwa jikoni napanga biskuti za maamuli kwenye sinia la wageni, nyumba imejaa udi na watoto wenye nguo mpya. Nilitoka ukumbi wa nyuma.

"Idi njema," nikasema.

"Dada, ulimwambia mama kwamba bado kuna giza?"

Ningeweza kusema mama amesahau, amechanganya, presha. Maneno hayo yalinijia yote. Lakini sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa ya mtu anayeuliza njia, na nikashindwa.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu."

Nilisikia ndege wakilia upande wake, ndege wengi. "Sawa," akasema. Akakata.

Mama nilimpigia mwenyewe jioni. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliniuliza jambo moja: "Hata nilipokwambia nawasha koroboi?" Nikasema, "Hata hapo, mama." Akasema anaenda kuswali.

Kabla mwezi haujaisha, mdogo wangu alikuwa ameshampelekea mama simu kubwa ya kioo, na kijana wa jirani... la, alikuwa binti wa jirani, ndiye aliyemfundisha kubonyeza. Tangu hapo wao wawili wakawa wanaonana uso kwa uso, na mimi sikuhitajika. Mdogo wangu hakunirekodia tena kitu. Ule uzi wetu wa ujumbe ukabaki umesimama kwenye picha ya machungwa.

Kiangazi hicho familia ilihamia Jeddah, baba mwenye nyumba alipopata kazi huko. Tukaingia nyumba ya mtaa wa Aziziya, orofa mbili, na bibi akapewa chumba cha chini karibu na jiko ili nimsikie. Jeddah joto lake si la Riyadh. La Riyadh linakukausha, la Jeddah linakuvaa. Ukifungua mlango wa nyuma kutupa taka, miwani ya madam inaingia ukungu ndani ya nyumba. Tende mbichi zilianza kuletwa kwa makasha, na nilizimenya moja moja nimlishe bibi ambaye meno yalikuwa yamebaki matatu.

Na majira ya mdogo wangu nikawa nayapata kwa mama. Mama alisimulia vibaya. Alichanganya. "Huko sasa jua haliendi kulala kabisa. Mtoto ameweka pazia jeusi. Watu wanakata majani saa sita za usiku, wana wazimu. Na samaki wanatundikwa juu ya miti kama nguo, vichwa mbali." Mimi niliuliza: samaki gani? Wanawatundika nje bila chumvi? Mbu wapo? Mama alijibu, "Sijui, mimi nilikuwa natazama miguu ya kitanda chake, ni kizuri." Nilikuwa na kiu ya habari zile kuliko nilivyodhani. Mwaka mzima nilizichukia kila zilipokuja, na sasa hazikuja nikawa nazikosa kama chumvi. Siku moja nilimuuliza, "Ananiulizia?" Mama akasema, "Hayo mengine ni yetu mimi na yeye." Akabadilisha mazungumzo. Nilizima simu nikasugua sakafu ya jiko ambayo haikuwa chafu.

Mwezi wa kumi na moja ukaingia ujumbe wake mfupi: "Nakuja umra na kundi la Wasomali wa huku. Ijumaa nitakuwa Jeddah, Jumamosi tunaingia Makka."

Nilimwendea madam akiwa anakunywa kahawa. Nikamweleza. Akanitazama kana kwamba hakuwahi kufikiria ningekuwa na dada. "Kutoka Norwei? Dada yako daktari?"

"Muuguzi, madam."

"Mashaallah. Yalla, nenda. Isha uwe umerudi, bibi hali bila wewe."

Tulikutania mtaa wa Hindawiya, kwa mama mmoja wa asili ya Unguja, mzaliwa wa Jeddah, ambaye wazazi wake walifika huku zamani baada ya mapinduzi. Ijumaa hupika wali na mchuzi wa papa, na wanawake wa Kenya walio na ruhusa hupita kula na kusema lugha yao. Ngazi zake ni za giza na nyembamba. Nilipofika juu viatu vya mdogo wangu vilikuwa tayari mlangoni. Nilivitambua kwa sababu hakuna mtu Jeddah anayevaa buti za manyoya.

Alikuwa amenenepa kidogo, mashavu yamepauka, na alijipepea kwa kifuniko cha sufuria. Akasimama. Tulishikana mikono kama wageni, kisha mwenye nyumba akatusukuma kwa nyuma, "Ndugu hamwamkiani hivyo nyie, kumbatianeni!" Tukakumbatiana. Alinuka sabuni nisiyoijua.

Tulikula kwanza. Alikula sahani mbili. Mwenye nyumba alipoenda kuswali Alasiri chumbani, tukabaki sisi na vyombo.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba una kitu na mimi. Nilipokuwa nalia ulijibu hapo hapo. Nikicheka, siku tatu. Nilifika mahali nikawa nataka kukurekodia habari nzuri, nikafikiria kwanza niweke na ubaya gani ndani yake ili unijibu."

Sikuwa nimejua kwamba anahesabu. Nikamwambia ukweli uliobaki, kwamba alipolia gizani nilifurahi. Kwamba nilitoka shule akabaki. Kwamba tangazo niliona mimi kwanza.

"Hilo la tangazo umeniambia mara ngapi, dada?"

"Sijawahi kukwambia."

"Umeniambia kila mara. Kila nikikushukuru ulisema, 'Si mimi niliyeliona?'"

Huenda ni kweli. Alikusanya mifupa ya papa pembeni ya sahani kwa ncha ya kidole. Kisha akasema yule bibi wa matunda amekufa, mwezi wa tisa. Alikufa asubuhi, majani yakiwa mekundu, mdogo wangu ndiye aliyekuwa zamu. Alimwosha na kumvalisha, akafungua dirisha kama desturi yao. "Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Nilitaka kukwambia wewe. Mama angeogopa, na wale wa huko walikuwa na msiba wao. Nilifungua simu nikaona ile picha ya machungwa, nikafunga."

"Ungenirekodia."

"Ungejibu baada ya siku ngapi?"

Nilichukua sahani yake nikaiweka juu ya yangu. Nilisema nisamehe. Akasema ameshanisamehe kwa ajili ya mama, kwa ajili yake mwenyewe bado, na asingependa kwenda Makka na uongo mdomoni. Nikasema ni haki yake. Tukaosha vyombo pamoja, yeye akisuuza, kama tulivyokuwa tukifanya watoto, na akanieleza samaki wale ni wa aina gani na kwamba chumvi hawatii, upepo wenyewe unatosha. Nilimuuliza mengi. Alinijibu yote.

Kabla ya Magharibi gari la kundi lake lilikuja kumchukua. Kwenye ngazi akanishika mkono wa abaya. "Nimeongezewa mkataba. Miaka mitatu. Mama sijamwambia, anadhani narudi mwakani."

Kile kitu kikajikunja tena kifuani, pale pale, kama hakikuwahi kuondoka. Miaka mitatu mingine, na ufunguo, na kilima. Nilisubiri kipite. Hakikupita. Nikasema, "Hongera, mdogo wangu," na nikalisema hivyo hivyo kikiwa bado kipo.

Akanitazama sana, akacheka kidogo, akaingia garini.

Nilirudi Aziziya kwa teksi. Bibi alikuwa amekataa chakula kwa madam, akala kwangu. Nilipokuwa nampangusa mdomo mama akapiga simu, akitumia ile ya kioo, kioo kimejaa paji la uso wake tu kwa sababu hajui kuishika.

"Mmeonana?"

"Tumeonana."

"Amesemaje? Mbona unanitazama hivyo? Ana jambo?"

"Ana jambo la kukwambia, mama. Mwenyewe atakupigia akitoka Makka."

"Niambie wewe."

"Atakwambia yeye."

Mama akasogeza simu karibu, nikaona jicho moja. "Basi niambie tu, ni zuri au ni baya?"

Nikamaliza kumpangusa bibi mdomo.

"Zuri, mama," nikasema. "Ni zuri."